Maua ya Kushuka Mlimani

Burgl alihesabu mara ya tatu na bado walikuwa arobaini. Kwanza alihesabu kwa kidole, kisha kwa kuwagusa migongo mmoja mmoja, na mara ya tatu akahesabu kwa majina, maana ng'ombe wa mlimani ana jina lake kama mtu na huwezi kumkosea. Jina lililokosa mwenyewe lilikuwa Alma. Ilikuwa Alhamisi asubuhi, katikati ya Septemba, theluji ya usiku imefika magotini, na Jumamosi kundi lote lilitakiwa kushuka kijijini.

Kule kwao kushuka si kushuka tu. Kiangazi kikipita bila mnyama kufa wala mtu kuumia, ng'ombe huvishwa mataji ya maua na matawi ya misonobari, na kijiji kizima hujipanga barabarani kuwapokea. Akifa hata mmoja, hakuna ua. Kengele huzibwa kwa majani makavu zisilie, kundi hushuka kimya, wanaume huvua kofia, na hakuna anayeuliza kitu. Mchungaji aliyemtangulia Burgl alishuka kimya miaka miwili mfululizo kwa sababu ya radi, na mwaka wa tatu hakuna aliyemkabidhi hata ndama. Siku hizi anauza matairi mjini. Wanasema ana furaha, lakini wanaosema hivyo ni wale wasiomfahamu.

Kwa Burgl hiki kilikuwa kiangazi cha kwanza. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, na nyumba saba zilikuwa zimemkabidhi ng'ombe arobaini na mmoja baada ya mikutano mitatu yenye maneno mengi na pombe nyingi zaidi. Akishuka bila maua, cha pili hakitakuwepo.

Na kosa alilijua.

Jumanne, mjomba wake Kassian, kaka wa marehemu mama yake, aliyekuja kumsaidia kutengeneza jibini, alishikwa na homa. Mzee wa miaka sabini na mitatu, anakohoa mpaka vikombe vinagongana rafuni. Jioni alipopata usingizi hatimaye, Alma akaja kulala chini ya dirisha lake kama ilivyokuwa desturi yake. Alma ndiye aliyeongoza kundi, na kengele yake ilikuwa kubwa kama ndoo. Kila akicheua, inalia. Burgl akatoka, akashika konzi ya majani makavu, akaijaza ile kengele na kuifunga kwa kitambaa. Kesho asubuhi nitaitoa, alijiambia. Kesho ikaja na mambo yake: jibini ya mwisho kwenye sufuria la shaba, upepo uliogeuka ghafla, kundi la kuteremsha kutoka malisho ya juu kabla ya theluji, bila muda wa kuhesabu. Akasahau. Akawa ameziba kengele ya ng'ombe mzima kama ya msiba, kisha ng'ombe mwenyewe akapotea.

Simu ikalia akiwa bado amesimama zizini. Alikuwa Filomena, mwenye Alma, mjane wa miaka sitini na kitu ambaye ulimi wake ulijulikana mabonde matatu.

"Haya, mchungaji wangu, upo hai au theluji imekumeza?"

"Nipo, Mama Filomena."

"Na Alma?"

Burgl aliliangalia zizi. "Anakula," alisema. "Mzima kabisa."

"Ale, ana ndama tumboni. Nimemsukia taji, usiombe! Maua mia na ishirini mekundu, na kioo katikati. Yule jirani Platter na vitaji vyake vya dukani mwaka huu atajificha jikoni."

"Lazima litakuwa zuri."

"Si la uzuri, ni la kuwakera watu. Haya, nisalimie mgonjwa. Mwambie akitaka kufa asubiri Jumapili, Jumamosi nina kazi."

Simu ikakatika. Uongo ulikuwa umemtoka kirahisi hivyo, na njia ya mwongo ni fupi. Burgl akachukua fimbo akateremka msituni, maana kila mtu anajua kwamba theluji ikianguka ng'ombe hutafuta miti. Alizunguka mpaka adhuhuri. Aliita mpaka sauti ikakauka. Kila baada ya hatua kadhaa alisimama, akashika pumzi na kutega sikio, kama alivyofundishwa tangu utotoni, na kila mara alikumbuka kwamba hakuna cha kusikiliza. Akarudi amelowa mpaka kiunoni, akakaa kwenye kiti kando ya kitanda cha mjomba wake na kumwambia yote.

"Umeziba kengele ya ng'ombe mzima," Kassian alisema polepole.

"Ndiyo, mjomba."

"Kwa sababu yangu."

"Ulikuwa hujafumba macho kutwa nzima."

"Mungu wangu! Na mama yako alikuwa hivi hivi. Nikipiga chafya, alitaka kufunga kanisa." Mzee akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na alichukua muda kurudi. "Usinitolee macho, sijafa. Umetafuta wapi?"

"Chini, msituni. Theluji ikianguka ng'ombe hushuka."

"Hushuka anayefuata wenzake. Alma hafuati, hufuatwa. Jana theluji ilianza saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Na kabla yake?"

"Upepo wa kusini. Joto la kuvua sweta."

"Mjane alikuwa amejifunika?"

"Tangu asubuhi."

Mjane ndicho kilele kilichosimama juu ya malisho yao. Kwenye ramani kina jina jingine refu la Kijerumani, na jingine la Kiitaliano ambalo hakuna anayelitumia isipokuwa posta. Wanakiita Mjane kwa sababu hali ya hewa ikitaka kuharibika hujitanda wingu kichwani, na upepo wa joto huja ukiviringika kutoka kusini, wenye kipandauso wanalala, wenye mke mkali wanatoka nje. Kisha ghafla upepo hugeuka, kaskazini hufungua mlango, na theluji huanguka hata Agosti. Mtoto wa kule hujua kulisoma wingu la Mjane kabla hajajua kusoma herufi.

"Basi sikiliza," Kassian alisema. "Adhuhuri, kukiwa na joto, yeye alipanda. Wenzake hawakusikia kitu, wakabaki wanakula. Ungemwachia kengele yake wangemfuata wote mpaka juu, na leo ungekuwa unatafuta arobaini na mmoja. Sikusifu, nakwambia tu. Sasa, huko juu kuna nini anachokipenda kuliko majani?"

Burgl alifikiri. Aliufikiri mlima kama mtu anayepita nyumbani kwake gizani, chumba kwa chumba: upande wa kaskazini ni barafu, upande wa mashariki ni genge, na kati ya Mjane na jirani yake kuna ile njia nyembamba inayoitwa Shingo. "Chumvi," akasema. "Pango la askari!"

"Kumbe kichwa kipo. Vaa soksi kavu uende. Na pita ubavuni, usipite chini ya mwamba, mawe hayana adabu siku hizi."

Nyanya yake Kassian, akiwa msichana wa miaka kumi na sita, alipandisha mbao mgongoni mpaka kwenye hilo pango. Vilikuwa vita vile vikuu vya kwanza vya dunia, askari wa kaisari upande huu wa Mjane na askari wa mfalme wa Kiitaliano upande ule, wamechimba mwamba kama panya na kulala humo majira matatu ya baridi. Theluji iliua wengi kuliko risasi. Vita vilipokwisha, watu wa bondeni walilala katika nchi moja na kuamka katika nyingine bila kuhama hata jikoni. Barafu ikalifunga pango, na kwa miaka tisini hakuna aliyeliona. Kisha viangazi vikazidi joto, barafu ikajivuta juu mwaka hadi mwaka, na siku moja mlango ukatokea, na mbao zake, na makopo ya nyama, na kiatu kimoja. Tangu hapo swala wa milimani huenda kulamba kuta zake, maana mwamba unatoka chumvi. Alma aliwahi kufika huko mara moja mwezi Julai, na Burgl alimrudisha kwa matusi.

Alipanda kwa saa mbili. Mawingu yalifunguka, jua likapiga theluji mpaka macho yakauma. Upande wa juu mawe yalianguka moja moja, maana barafu iliyoyashika tangu enzi haishiki tena, na kila yalipoanguka Burgl alijibana kwenye mwamba na kusubiri. Aliomba njia nzima, na sala yake haikuwa ya kanisani. Alimwambia Mungu achukue jibini yote, achukue na trekta, amwachie ng'ombe mmoja tu wa Filomena. Chini ya Shingo theluji ilikuwa laini, bila alama ya kwato hata moja. Alisimama akaangalia ule weupe. Akajiona anashuka Jumamosi mbele ya kundi lisilolia, na akina Platter wanavua kofia.

Kisha akaona kinyesi.

Kilikuwa mbele ya mlango wa pango, juu ya theluji, na kilikuwa kinatoa mvuke. Burgl hajawahi kukiona kitu kizuri namna ile, na baadaye alimwambia kila aliyetaka kusikia. Akaingia ameinama. Alma alikuwa amesimama kati ya mbao za askari, tumbo lake kubwa kama alivyomwacha, anaulamba ukuta kwa utaratibu. Aligeuza kichwa akamtazama mchungaji wake kwa macho ya mtu aliyekatizwa chakulani, akarudi ukutani.

Burgl akamkumbatia shingoni. Alilia, kisha akamtukana, kisha akacheka kwa sababu alikuwa anamtukana ng'ombe mjamzito ndani ya ngome ya kaisari, akabaki amemwegemea pale pale. Alma aliuvumilia uzito wake. Kulikuwa na joto mle ndani, joto la ng'ombe. Alipomwachia alifungua kitambaa, akachomoa yale majani konzi baada ya konzi, wakatoka wote wawili juani. Walishuka Shingo taratibu, kengele ikilia kila hatua, mpaka kundi likasikia kule chini na kuanza kulia kwa zamu, na Kassian akatoka mlangoni na blanketi lake, akipunga mkono na kukohoa.

Jumamosi walishuka na maua. Taji la Filomena lilipandishwa Ijumaa kwa trekta, nalo lilikuwa la kuwakera watu kweli. Alma alitangulia akitikisa kichwa kama bibi harusi asiyempenda bwana harusi. Barabarani walipiga tarumbeta, wakapeana mvinyo, wakampiga Burgl mgongoni mpaka ukauma. Mzee Platter mwenyewe alikuja kumshika mkono. "Kiangazi safi, binti. Safi." Burgl aliitika kila mmoja, na kila alivyosifiwa ndivyo alivyozidi kumtafuta Filomena kwa macho. Ng'ombe alikuwa mzima, kundi lilikuwa kamili, desturi haikuvunjwa. Angeweza kunyamaza. Kassian hasemi, na Alma hana ulimi wa hivyo.

Wengine waliposogea kwenye meza za matonge ya mkate na supu, alimfuata Filomena hadi kwenye lango la zizi lake.

"Mama Filomena, nilikudanganya."

"Lini?"

"Alhamisi. Nilikwambia Alma anakula. Alikuwa amepotea tangu jana yake. Na kengele yake niliiziba mimi mwenyewe ili mjomba alale, nikasahau kuizibua."

Filomena alimgeukia ng'ombe wake kwanza, akampapasa tumbo pande zote mbili, akamwinua kwato moja baada ya nyingine. Burgl akamshikia ng'ombe.

"Najua kwamba alipotea," Filomena alisema mwishowe.

"Mjomba amekwambia?"

"Kassian? Yule angekufa kwanza. Dirisha la jikoni, Burgl, na darubini ya marehemu mume wangu. Malisho siyaoni, bega la Mjane linayaficha, lakini Shingo naiona vizuri. Alhamisi mawingu yalipofunguka nikaona nukta moja inapanda theluji. Nani hupanda kule siku kama ile? Mchungaji aliyepoteza kitu. Na ng'ombe gani ana kiburi cha kwenda huko? Nikachukua taji nikaanza kuchomoa maua. Nilifika la sitini."

"Mbona hukupiga simu?"

"Nikuulize nini? Ulishaniambia anakula." Alifuta mikono kwenye aproni. "Nilisubiri useme mwenyewe. Usingesema, Juni ningempeleka kwa mwingine, na zile nyumba sita zingejua sababu kabla misa ya kesho haijaisha."

"Na sasa?"

"Sasa Juni utawapandisha wawili, yeye na mwanawe. Na ukinidanganya tena nitakufunga wewe kwa kamba."

Burgl alimshika mkono kumshukuru. Machozi yakamtoka, akayaacha.

"Acha kulia, watu watadhani kuna msiba," Filomena alisema. "Unajua nilifanya nini nilipoona nukta mbili zinashuka? Nilikaa sakafuni. Mimi, na goti hili! Nikakaa nacheka peke yangu kama mwendawazimu, na sikuweza kunyanyuka mpaka mwanangu aliporudi kutoka kazini."