Tabanka na Tumbaku

Masikio ya Kendi hayakuwa na kasoro. Alikuwa nesi kwa miaka kumi na miwili, mitano Meru na saba Doha, na katika muda huo alishasikia Kiingereza cha kila namna: cha Wafilipino, cha Wanepali, cha Wamisri, na cha wakubwa wa hoteli waliotoka Ulaya wakiamini kwamba wao ndio wanaokisema sawasawa. Kwa hiyo, siku moja ya Februari mwaka 2014, kijana alipoingia katika zahanati ya wafanyakazi, kule chini ya hoteli, akaketi na kusema kwa Kiingereza cha kwao kwamba ana tabanka, Kendi hakusita hata kidogo. Alisikia tumbaku.

Msimcheke mapema. Kwa Kiingereza maneno hayo mawili yanakaribiana, hasa msemaji akiwa ameinamisha kichwa na mashine za kufulia nguo zikinguruma nyuma ya ukuta. Isitoshe, Kendi hakuwa amewahi kusikia neno tabanka tangu azaliwe, ilhali tumbaku alikuwa na kesi nayo ya muda mrefu.

Kijana mwenyewe aliitwa Bradley. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mtu wa Trinidad, kisiwa kimojawapo cha Karibiani, na kazi yake ilikuwa kupiga ngoma ya chuma katika ukumbi wa wageni kila jioni. Huko kwao pipa la mafuta likishamaliza kazi yake hupondwa kwa nyundo mpaka litoe sauti tamu. Wageni walilipenda pipa lake, nao wafanyakazi walimpenda yeye kwa mizaha yake. Siku hiyo hakuwa na mizaha.

Kendi alimuuliza shida hiyo ilimwanza lini, naye akajibu tangu Krismasi. Akamuuliza kwa siku ni mara ngapi. Kijana akawaza, akasema ni kutwa nzima. Akamuuliza humzidi saa ngapi, akaambiwa ni asubuhi, kabla hata hajaondoka kitandani. Kendi akatikisa kichwa, maana huyo alikuwa mvutaji wa kuwashinda wavutaji wote. Akamuuliza kama amewahi kujaribu kuacha.

"Ningejua namna ya kuiacha nisingekuja, Sista," alisema Bradley. "Ninataka iishe tu."

Hapo Kendi alisimama. Lazima niwaambie kwamba baba yake alivuta sigara tangu ujana wake, akifunga na kufungua siku kwa moshi, na kwamba alikufa akiwa na miaka hamsini na mmoja, Kendi akiwa pembeni mwa kitanda ameshika mpira wa oksijeni. Tangu hapo mvutaji yeyote aliyeingia mikononi mwake alilipia dhambi za mzee yule. Alimchorea Bradley mapafu nyuma ya fomu. Alimweleza yanavyokauka, yanavyoziba, na jinsi mtu mzima anavyoomba pumzi kama mtoto anayeomba maji. Alisema kwa dakika ishirini na tano bila kumeza mate. Alimwambia kwamba akiendelea hivyo atakufa na miaka hamsini, na kwamba huo ni ujinga, na hapo sauti ikamkatika, akageuka kujifuta macho huku akilaumu vumbi.

Bradley alimtazama mdomo wazi. Kisha akacheka kidogo, akashukuru, akapokea pipi za mnanaa za kumsaidia kupunguza hamu, akaondoka. Kendi akaandika kwenye faili: uvutaji wa sigara, ameshauriwa, arudi baada ya wiki mbili. Akaona amefanya kazi nzuri.

Wiki mbili zikapita na Bradley hakurudi. Kendi, ambaye hakuwa mtu wa kumwachia mvutaji nafasi ya kupumua, alimkamata Cheryl katika kantini ya wafanyakazi saa ya chakula cha mchana. Cheryl alikuwa binti wa Grenada, kisiwa jirani na Trinidad, na alifanya kazi ya kupokea simu za wageni. Alikuwa mcheshi, na kicheko chake kilitangulia kufika kila alikokwenda. Kendi alimwomba amkumbushe mwenzake kuhusu sigara zake.

Cheryl alishangaa. Bradley havuti, alisema, hata harufu ya sigara humkimbiza. Kendi alishikilia kwamba amemsikia kwa masikio yake mwenyewe akisema kutwa nzima, tangu Krismasi. Wakavutana hivyo mpaka Cheryl akamwomba arudie neno lenyewe jinsi kijana alivyolitamka. Kendi aliporudia, Cheryl aliweka uma chini akacheka mpaka watu wa meza ya pili wakageuka.

Tabanka, alieleza alipopata pumzi, ni ugonjwa wa kuachwa na mpenzi. Mtu akiachwa hashiki kazi, hali chakula, hutazama dari. Kule visiwani ni jambo la kutaniana, rafiki zake humnunulia kinywaji na kumwimbia nyimbo za kumchokoza. Bradley aliachwa na mchumba wake kwa simu, siku ya Krismasi yenyewe, na wenzake wote walishamcheka vya kutosha. "Tabanka haiui mtu, Sista," alisema. "Sisi huicheka mpaka iishe."

Kendi hakucheka. Alikuwa anayapanga upya majibu ya kijana, moja baada ya jingine, sasa yakiwa na maana yake. Tangu Krismasi. Kutwa nzima. Asubuhi kabla ya kuondoka kitandani. Ninataka iishe tu. Akaweka kijiko chini. Hata kwao Meru walikuwa na neno la namna hiyo. Walisema fulani ana mawazo, wakamkaribisha chai, wakaendelea na shughuli zao, na mficha maradhi kifo humuumbua. Kijana alikuwa ametumia neno pekee ambalo kwao mwanamume anaruhusiwa kulisema anapoumia, tena kwa sharti kwamba acheke. Alimletea yeye neno hilo, naye akampa pipi.

Alimuuliza Cheryl amemwona lini. Cheryl akafikiri, na kicheko kikaanza kumtoka usoni. Bradley hakuwa amepiga ngoma kwa siku nne. Alituma ujumbe kwamba ana mafua.

Kendi aliomba ruhusa, akachukua teksi hadi Umm Salal yalikokuwa makazi ya wafanyakazi. Njia nzima alijilaani. Kuuliza si ujinga, mama yake alimfundisha hivyo kabla hajaingia darasa la kwanza, na yeye na cheti chake ukutani alishindwa kumuuliza mgonjwa neno moja. Aliogopa kufika akute amechelewa.

Langoni alimkuta Onyango, mlinzi kutoka Kisumu, na kabla hajamaliza kumuuliza akajibiwa.

"Huyo jamaa wa ngoma? Hatoki, Sista. Ni siku ya nne. Chakula naachanga mlangoni, nikirudi naipata vile vile. Mimi nilidhani amefunga."

"Na hukuambia mtu?"

"Ningesema nini sasa? Kwamba mtu mzima hali?" Onyango alishika funguo zake, akaziachia. "Lakini imenisumbua. Hata jana nimesimama hapo kwa mlango nikiskiza kama anatembea."

Waliongozana hadi mlango wa mwisho. Kendi alibisha, akasubiri, akabisha tena. Sekunde zile zilikuwa ndefu kuliko zamu yoyote aliyowahi kufanya. Halafu kitasa kikageuka, na Bradley akasimama mbele yao, ndevu zimemwota, macho mekundu, mzima. Kendi aliomba kuingia.

Chumbani pazia lilikuwa limefungwa na ngoma imefunikwa shuka. Onyango alibaki nje, akasema yuko hapo hapo kama kuna haja. Kendi aliketi kwenye kitanda kitupu cha mwenzake aliyekuwa likizoni kwao.

"Nilikusikia vibaya," alisema. "Mimi nilisikia tumbaku. Nisamehe. Niambie tena, na mara hii nisipoelewa nitauliza."

Bradley aliketi kwenye kitanda chake. Kisha akaanza kueleza, polepole, kama anayesogeza mzigo kwa mguu. Msichana alikuwa mwanzo tu. Baada yake usingizi uliondoka, kisha chakula, kisha ile ngoma ikaanza kusikika kama debe tupu mikononi mwake. Marafiki walipomuuliza alisema ni tabanka, wakacheka, naye akacheka pamoja nao, na kila alipocheka alizidi kuwa mbali nao. Kendi aliuliza kila asichokielewa. Mwisho akauliza lile ambalo watu wengi huogopa kuliuliza.

"Bradley, umewaza kujiua?"

"Ndiyo."

Hakupiga kelele. Hakumwambia kwamba wako wenye shida kumshinda, wala kwamba kijana mzuri kama yeye atapata mwingine. Alimshukuru kwa kusema kweli, akamwambia kuwa hataachwa peke yake mpaka waonane na daktari. Bradley akasema watamrudisha kwao, na kwao watasema mwendawazimu wao amerejea. Kendi hakumwahidi asichoweza kutimiza. Alimwambia tu kwamba kwenye karatasi ya kazini ataandika neno moja, mgonjwa, lile lile analomwandikia aliyevunjika mguu. Jioni hiyo hiyo waliingia hospitali wote watatu, Onyango akiwa ameomba mwenzake amshikie zamu.

Kupona hakukuwa kwa siku moja, na anayewaambia vinginevyo anauza kitu. Kulikuwa na dawa zilizomfanya asinzie, zikabadilishwa. Kulikuwa na mshauri, mama wa Kisudani mwenye subira nyingi, aliyeonana naye kila wiki. Mwezi wa Mei alianguka tena kidogo, akainuka. Kufikia Septemba alikuwa ukumbini anapiga ngoma yake. Cheryl, ambaye kwa aibu hakuweza kumtazama machoni miezi yote hiyo, alimletea samaki wa kukaanga mara nyingi kuliko alivyoweza kula.

Kendi ndiye aliyebaki na jeraha. Furaha ya kumwona kijana mzima ilikuja na mwiba wake, kwani kila alipomwona alihesabu wiki zile mbili alizomwacha peke yake na pipi za mnanaa mfukoni. Hakumwambia mtu. Tazama basi, na yeye alikuwa anaficha.

Wazo la kuwakusanya vijana lilikuwa la Bradley. Vijana wa Karibiani walikuwa wengi Doha, walimu, wahudumu wa ndege, wauguzi, na Ijumaa walikutana Mesaimeer, yaliko makanisa ya mji, baada ya ibada. Cheryl, aliyekuwa katibu wao, alikumbusha kwamba mwaka uliotangulia walitangaza kikao cha afya ya akili, wakaja watatu, na mmoja wao alikuwa anatafuta choo. Bradley akasema tangazo lilikosewa. Akachukua kalamu akaandika lake: Una tabanka? Njoo Ijumaa.

Walikuja sabini. Walikuja na vyakula, wakisukumana na kuchekeana, kila mmoja akimnyooshea mwenzake kidole kwamba ndiye mgonjwa. Kendi, aliyeombwa azungumze, aliketi mbele na karatasi yake yenye dalili kumi na mbili za sonona, akiomba asionekane. Bradley alisimama, akawaacha wacheke mpaka wakachoka, ndipo akawasimulia habari ya tumbaku. Ukumbi ulivunjika mbavu. Kendi alitamani sakafu ipasuke.

"Sasa nisikilizeni," alisema Bradley. "Siku ile nilikuwa nimeshaamua. Nilipita zahanati ili angalau mtu mmoja awe ameambiwa. Sista hakunielewa hata kidogo. Alinigombeza dakika ishirini na tano kuhusu sigara, na mimi sijawahi kuvuta hata moja. Akaniambia nitakufa na miaka hamsini, halafu akalia. Nikajiuliza, ikiwa huyu asiyenijua analia kwa sababu nitakufa miaka ishirini na saba ijayo, atakuwaje akisikia ni wiki hii? Nikaona nisubiri kidogo. Nilikuwa bado nasubiri alipobisha mlango."

Hakuna aliyecheka. Kendi alifunika uso kwa ile karatasi, akalia bila kusingizia vumbi, na Cheryl akamshika bega huku naye analia.

Zamu yake ya kusema ilipofika aliikunja karatasi. Aliwaambia zahanati yake iko wapi na siku anazokuwapo, na kliniki ya hospitali inafunguliwa saa ngapi. Aliwaambia wanaweza kuja wawili wawili wakiogopa kuja peke yao. "Njooni na neno lolote mnalotumia kwenu," alisema. "Nisipolijua nitauliza."

Watu walipoanza kugawiwa chakula, binti mmoja mwembamba alibaki ameketi safu ya nyuma, sahani yake tupu magotini. Ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote mwanzoni. Kendi alimwendea. Binti akasema anatoka Saint Lucia, na kwamba wao, kitu hicho, nyumbani kwao hukiita kwa jina jingine. Akalitaja kwa sauti ndogo.

"Hilo silijui," Kendi alisema, akivuta kiti. "Nieleze."

Binti akaweka sahani chini, akaanza kumweleza.