Ukoo wa Kimelea

Getruda mwenyewe ndiye aliyeomba vipimo vifanyike. Hakuna aliyemlazimisha.

Alikuwa muuguzi wa kifua kikuu katika zahanati ndogo upande wa Nshamba, wilayani Muleba. Mwaka 1997 alimtibu kaka yake, Rwegasira: kila asubuhi alimpa vidonge, akavimeza mbele yake, naye akatia alama kwenye kadi. Mwaka uliofuata kaka akarudi anatema damu. Wakubwa wa wilaya hawakumung'unya maneno: dawa imeuzwa. Miaka ile ya Ukimwi, watu wakizikwa kila wiki, muuguzi mwizi wa dawa alichukiwa kuliko mchawi.

Kanuni ilisema mgonjwa akishameza apanue mdomo na kuinua ulimi. Getruda aliwakagua wote, isipokuwa kaka yake. Baba yao hakurudi kutoka vita vya mwaka 1979, na Rwegasira ndiye aliyemsomesha kwa kahawa ya shambani. Leo amwambie apanue mdomo kama mbuzi wa mnadani? Thubutu!

Tumaini lake lilikuwa moja. Mradi wa utafiti pale Bukoba ulikuwa umehifadhi vimelea vya Rwegasira vya mara ya kwanza. Vikilinganishwa na vya sasa na kuonekana tofauti, basi ameambukizwa upya na mtu mwingine, na Getruda hana kosa. Vikiwa vilevile, hakupona kamwe. Dawa haikumfika tumboni.

Sampuli zikapelekwa Ulaya. Jibu la kwanza likaja: ni vilevile.

"Usikate tamaa," alisema Rutashobya, mtaalamu wa maabara ya mradi. "Hiki ni kipimo cha haraka. Ni kama kumuuliza mtu ukoo wake. Akikwambia Muhinda, umeshamjua? Wahinda ni wangapi Muleba hii? Nimeomba na kile cha polepole. Chenyewe kinasoma alama nyingi zaidi, mpaka kinakufikisha mlangoni kwa mtu."

Getruda akasubiri miezi mitatu. Alikitegemea kipimo kile asichowahi kukiona kama mshtakiwa anavyomtegemea wakili.

Siku jibu lilipofika, Rutashobya alifunga mlango kwanza. Vimelea vya Rwegasira vilikuwa vilevile, alama kwa alama. Tena, kati ya wagonjwa wote waliopimwa na mradi, mmoja alikuwa na vimelea hivyohivyo: Sada, mchuuzi wa samaki kutoka visiwa vya ziwani.

"Nilimuuliza dawa alizokuwa anameza alizipata wapi," alisema Rutashobya bila kumtazama. "Akasema mume wake Rwegasira alikuwa anampelekea."

Kumbe! Kila asubuhi, vidonge chini ya ulimi, na dada mtu anatia alama kwenye kadi. Getruda alilia kwa hasira, akanawa uso, akaenda wodini alikolazwa kaka yake.

"Waitu kaka, habari za Sada ninazo," alisema. "Sitamwambia mtu. Kesho Daktari Magesa wa wilaya akija, mwambie tu kwamba dawa nilikupa, ukazitema. Sababu ibaki yako."

"Nitasema, mdogo wangu." Rwegasira akamshika mkono. "Wewe nikuache uangamie?"

Kesho yake Daktari Magesa akasimama kando ya kitanda na majibu mkononi. Bernadina, mke wa Rwegasira, alikuwa anamkanda mumewe miguu.

"Mzee, dawa ulipewa kila siku?"

Rwegasira alimwangalia mkewe, kisha akaangalia ukuta. "Siku nyingine nilipewa," alisema. "Siku nyingine aliniambia zimekwisha."

Getruda aliumia. Habari ya mwanamke angemsamehe. Hata vidonge angemsamehe, maana ni vigumu kukaa na dawa mfukoni ukimtazama umpendaye anakohoa mpaka afe. Ndipo Rwegasira akamgeukia, akamtazama kwa utulivu kabisa, jicho la mtu asiye na shaka kwamba mdogo wake atanyamaza. Uhakika ule ndio uliomkata maini kuliko uongo wenyewe.

"Sista, una la kujibu?" aliuliza daktari.

"Ninalo."

Hakuanza na vidonge wala majibu ya Ulaya. Alimgeukia Bernadina, aliyekuwa bado ameshika mguu wa mumewe.

"Wifi," alisema, "kuna mwanamke kule visiwani anaitwa Sada."