Kelele ya Gurudumu la Kushoto

Jina langu la gereji ni Sikio, nami nililipenda kuliko nililopewa na wazazi. Mafundi wengine hufungua gari kwanza. Mimi nilisikiliza kwanza, na mara nyingi sikuhitaji kufungua. Gurudumu la mbele likinguruma na mngurumo ukazidi kadiri mwendo unavyozidi, hiyo ni beringi. Likigonga tak-tak-tak kwenye kona, ni kiungo cha ekseli. Likikwaruza unapokanyaga breki, pedi zimeisha. Hayo niliyajua nikiwa kwenye kiti cha abiria, macho nimefumba, na wateja wakasimuliana. Sikuwakataza.

Kwa hiyo mkunga mstaafu alipoleta gari lake kuukuu, lililopauka rangi kwenye boneti, akaniambia gurudumu la mbele kushoto linatoa kilio chembamba, nilizunguka naye mtaa mmoja tu. Sikusikia kitu. Nikachungulia kwenye matundu ya rimu, nikaona pedi ya breki bado nene.

"Mama, gari halina neno," nikamwambia. "Nenda zako kwa amani."

Wiki ya pili akarudi. Nikazunguka naye tena, nikachungulia tena, kimya. Safari hii nikatia na utani: "Au limekuzoea, Mama, linakuimbia wewe peke yako." Mafundi wenzangu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka, na mimi nikajitia hamnazo.

Utani ule wa kijinga ukafika kwa mwanawe. Mara ya tatu walikuja pamoja, kijana ndiye anayeendesha, mama kakaa pembeni kama mgeni ndani ya gari lake mwenyewe. Yule mwana alikuwa mtu mpole. Alitia ufunguo mfukoni, akanivuta kando penye rundo la matairi.

"Fundi, nisaidie. Mama ana miaka sabini na miwili, na anasikia kelele ambayo mimi siisikii."

"Wewe umeliendesha?"

"Jumapili. Vioo nimepandisha, watoto wanapiga kelele nyuma, lakini ningesikia. Mwambie tena mbele yangu kwamba hakuna kitu. Wewe anakuheshimu. Nikitoka hapa naliuza. Mama yangu nampenda, Fundi, sitaki siku moja agonge mtu."

Nilimtazama mama. Alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili, anatutazama. Gari lile ndilo lililokuwa likimpeleka mdogo wake hospitali kila Jumanne na Ijumaa kusafishwa damu, maana figo zake zimechoka. Lakini nadhani hata hilo halikuwa kubwa kuliko lile jingine. Ukishaambiwa unasikia yasiyokuwepo, hata ukisema jino linakuuma utaulizwa kama una hakika.

"Najua ulichoombwa," akaniambia nilipomkaribia. "Kabla hujakisema, kaa hapo nikuendeshe mimi. Na vioo tushushe."

Mwanawe akampa ufunguo shingo upande. Mama akaingia kwenye kichochoro cha nyuma, chenye kuta pande zote mbili, mahali ambapo sauti haina pa kukimbilia. Alipachagua mwenyewe, nami nikajiuliza kwa nini sikupafikiria.

"Linalia," akasema. Akagusa breki kidogo. "Limenyamaza." Akaachia. "Linalia."

Nilisikia injini. Nilisikia kokoto chini ya matairi. Basi. Nilikuwa nimeshafungua kinywa kusema gari halina neno, ndipo nikamwona mwanamke aliyekuwa anaanika nguo. Mikono yake ilijaa shuka mbichi, kwa hiyo aliinua bega akaziba nalo sikio. Mbele kidogo, mshona viatu akaacha sindano yake, akalikazia macho gurudumu letu la kushoto, uso kaukunja.

"Sasa linalia?" nikamwuliza mama.

"Sana."

Nilikumbuka mabirika yangu. Mwaka mzima mke wangu ananigombeza kwamba birika linapiga filimbi mpaka linakauka, nami nimekaa pembeni yake nasoma gazeti. Nikamjibu filimbi imeharibika, nikanunua birika jingine, halafu la tatu. Mabirika matatu, na kosa sikulitafuta kichwani mwangu hata mara moja.

Mama akasimamisha gari.

"Nilikuwa na kale kapembe ka mbao," akasema, "nakaweka kwenye tumbo la mjamzito, nasikiliza moyo wa mtoto. Miaka arobaini. Zilikuwepo siku ambazo sikusikia. Sikumwambia mtu kwamba hakuna kitu, mwanangu. Nilimwita mwenzangu aje asikilize na yeye."

Hakulisema kwa hasira. Afadhali angenitukana.

Tuliporudi, mwanawe alichukua ufunguo, akaurudisha mfukoni. Nikapiga jeki, nikalitoa gurudumu. Pini ya breki ilikuwa imeganda, kwa hiyo pedi ya ndani ilifanya kazi ya mbili. Ile ya nje niliyokuwa nachungulia ilikuwa nzima. Ya ndani ilikuwa imebaki chuma kitupu, isipokuwa utando wa unga mwembamba kama ukucha. Kile kibati kilichowekwa makusudi kipige kelele pedi ikiisha kilikuwa kimechora diski mfereji unaong'aa. Kilikuwa kinapiga kelele yake wiki tatu.

"Vipi, Fundi?" akauliza mwana.

Uongo ulinijia tayari umeshapikwa: limeanza leo. Gari kuukuu, nani angebisha? Wenzangu walikuwa karibu, na ukutani jina langu limeandikwa kwa rangi nyekundu. Lakini mama alikuwa amesimama na mkoba wake, hanisihi wala hanitishi, na nikaona aibu.

"Kelele ilikuwepo tangu siku ya kwanza," nikasema, na sikupunguza sauti. "Masikio ya mama yako ni mazima. Mabovu ni yangu. Siku si nyingi angekanyaga breki zisishike, na ningekuwa nimemruhusu mimi."

Aliyekuwa anagonga nyundo akaacha. Hakuna aliyecheka. Yule mwana akamgeukia mama yake.

"Nisamehe, Mama."

Mama alinyoosha kiganja tu, akangoja, mpaka ufunguo ukatua.

Nilibadilisha pedi za pande zote mbili pamoja na diski, nikazisafisha pini na kuzipaka grisi. Kisha mama akalizungusha gari uwanjani peke yake, vioo chini, akaja kusimama miguuni pangu. Miaka thelathini na miwili nimewaambia watu magari yao yanasema nini. Siku hiyo niliinama dirishani, nikamwuliza mwenye gari.

"Bado linalia, Mama?"

Akatega sikio, hakuwa na haraka.

"Halilii."

"Basi limepona," nikasema.