Jiwe la Mvua la Baba Egau

Enzi za Wazungu, mwaka nzige walipomaliza mtama wetu huku Tororo, baba yangu Egau ndiye aliyetunza jiwe la mvua. Lilikuwa jeupe, lenye pembe, mwanga unapita ndani kama kioo. Bibi zetu walivaa vipande vya jiwe la namna hiyo kwenye mdomo wa chini, urembo. La baba lilikaa chunguni. Ukitaka mvua, unalipaka siagi, unalitia majini. Mvua ikitosha, unalitoa.

Mimi Alaso nikataka kubatizwa. Mwalimu Bartholomew wa kanisa la Nagongera akasema habatizi mtu wa nyumba yenye jiwe la shetani. Basi nikaliiba, nikampelekea alitupe mtoni. Baba sikumwambia. Nilikuwa na kichwa kigumu, sikatai.

Mvua ikagoma. Wiki ya sita wanaume wakaja na fimbo, mbele yao Edeku, mdogo wake baba. Kwetu mtunza jiwe akiwanyima watu mvua, anachapwa mpaka aiachie.

"Kaka, tuoneshe jiwe," Edeku akasema.

Baba akapapasa chunguni, akapapasa tena, kisha akaniangalia.

"Nililichukua mimi," nikasema. "Nalileta sasa hivi."

Wakamketisha baba juani, nami nikakimbia mpaka Nagongera. Mlango wa Mwalimu ulikuwa wazi. Chini ya meza kulikuwa na bakuli la maji, na ndani yake jiwe letu, limepakwa siagi. Mwalimu akatokea nyuma yangu, hakuweza kunitazama.

"Mahindi yangu yalikuwa yanakauka, binti yangu," akasema. "Nimeliweka majini tangu siku ile uliyolileta."

Nilirudi nalo mbio, nafurahi kama mjinga. Nikawaambia wote kwamba baba hana kosa, jiwe limekaa majini wiki sita nzima.

Edeku akaligeuza mkononi, akanusa siagi yake.

"Kumbe jiwe limefanya kazi yake," akasema taratibu. "Basi anayezuia mvua ni mtu."

Fimbo ya kwanza mgongoni mwa baba ilikuwa yake. Nilipiga magoti, nikawashika miguu, wakanisukuma pembeni. Ulimi wangu mwenyewe ndio uliomchapa baba.

Walipomaliza walilirudisha jiwe majini, chunguni mwetu, na siku ya tatu mvua ikaja. Kanisani Mwalimu alimshukuru Mungu, na Edeku akasifu fimbo yake. Baba bado alikuwa amelala kifudifudi, mgongo umevimba. Akaniomba nikamtolee jiwe majini, mvua isije ikawaharibia watu mbegu.