Chini ya Arobaini

Jumamosi mchana mwanaume tusiyemjua aligonga mlango wa nyumba niliyoishi na shangazi yangu Régine, mtaa wa Berchem-Sainte-Agathe. Koti lake lilikuwa limelowa mvua na kofia ameishika mkononi.

"Maman Régine? Naitwa Bienaimé. Ni maman Rolande wa groupe ya sala alinipatia adresse. Mama ya batoto bangu iko ku hôpital, Woluwe. Lundi watamupasua kichwa."

Upasuaji ulikuwa Jumatatu, na nilijua kilichomleta. Katika kikundi chetu cha sala, mtu akipasuliwa, wenzake hufunga kwa ajili yake, wakinywa maji matupu, mpaka atoke chumba cha upasuaji.

"Bon, papa," shangazi akasema. "Nitafunga mpaka atatoka. Na lundi niko kule kule, nitakuja kukaa na wewe."

Mgeni alipoondoka nikamwambia shangazi, "Tantine, lundi ndiyo wanakupima uzito."

"Najua."

Mwaka mzima alikuwa amefuata chakula cha daktari, kama sheria inavyotaka, ili apasuliwe na kupunguzwa tumbo, uzito ushuke. Magoti yake yalikuwa yamekwisha, na hakuna aliyekubali kuyapasua akiwa na uzito ule. Kazi ya kuhudumia wazee alikuwa ameiacha; ngazi zetu alizishuka kinyumenyume. Lakini mutuelle, bima yetu ya afya, huulipia upasuaji huo tu kama hesabu ya uzito na urefu inafika arobaini. Mwezi uliopita alikuwa ameivuka kidogo sana. Angekuwa na kisukari, thelathini na tano ingetosha. Daktari alikuwa amempongeza kwamba hana.

Jumapili nilipika fufu na sombe, kisamvu chenye mawese mengi. Nikamwekea mbele.

"Kidogo tu, tantine. Mungu anaelewa."

"Mungu anaelewa. Ni Bienaimé ndiye nilimuahidi." Akaisukuma sahani. "Mwaka muzima munanikataza kula. Leo munanilazimisha. Muamue basi."

Nilicheka. Hata wakati huo niliamini mambo yatakaa sawa. Nilikuwa nimemaliza chuo majira ya joto yale, na bado nilidhani ukieleza jambo vizuri, watu wa ofisini hukusikiliza.

Jumatatu muuguzi alisoma mzani akatabasamu. "Bravo, madame, umeshuka."

Daktari hakutabasamu. Thelathini na tisa na kitu. Nilimweleza juu ya kufunga, juu ya mwezi uliopita, juu ya ngazi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa upole.

"Wanaangalia uzito wa siku ya ombi," akasema. "Chini ya arobaini hawalipi. Labda arudi baada ya miezi kadhaa, kama uzito..." Hakumaliza. Daktari gani atamwambia mgonjwa akanenepe?

Shangazi alimshukuru, akavaa viatu. Nilimfunga kamba mimi, maana hafiki chini, na nilikawia pale sakafuni ili asinione uso.

Nje ya mlango nilitoa mkate kwenye mkoba. "Kula sasa, tantine. Imekwisha."

"Yangu ndiyo imekwisha. Ile mama hajatoka."

Jengo la upasuaji lilikuwa upande wa pili. Tulisimama kila penye benchi, naye akishika ukuta, akipumua. Bienaimé alikuwa peke yake mwisho wa korido, kofia juu ya magoti. Shangazi alijishusha polepole kwenye kiti cha pembeni yake.

"Ametoka?"

"Bado, maman."

"Bon," akasema, akamshika mkono. "Basi bado tunafunga."

Nikaurudisha mkate mkobani.