Salamu za Sapiwi

Redio ya upepo ya kijiji cha Sapiwi, ya kuzungumza na ofisi yetu, ilikuwa ikizimika kila siku kabla ya alasiri, hata nilipoipelekea betri iliyojaa. Nilikuwa nimeifungua mara mbili, nikapiga lehemu upya, sikuona kasoro.

"Ndugu Asumini," aliniambia Bwana Kasmiri, mkuu wa ofisi ya pamba pale Bariadi, "pamba inalala nje na mvua inanukia. Leo ikizimika tena, naomba fundi mwingine Shinyanga. Wewe utakaa kwenye taipu."

Nilipotoka chuo cha ufundi, Dar es Salaam, mafundi tulijazana kwenye karakana moja na kazi yangu ikawa kuwashikia wanaume taa. Niliomba Bariadi kwa sababu hakuna aliyeitaka. Hapa nilikuwa na meza yangu na bisibisi zangu. Leo taipu! Nilipanda lori la Sapiwi.

Nilifunga betri mpya, nikajibanza pembeni. Mzee Mashimba, katibu wa kijiji cha ujamaa, alishika kipaza sauti, akabana kitufe cha kusemea, akaamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, Kasmiri! Mama watoto? Watoto? Ng'ombe wa baba yako kule Lagangabilili? Na yule ndama aliyeteguka mguu?"

Baada ya kila swali alinyamaza kwa adabu, lakini kidole hakikutoka kwenye kitufe. Nikaelewa. Kitufe kikibanwa, redio hunywa betri kama ng'ombe wa kiangazi.

"Baba," nilisema, "salamu ndizo zinazomaliza betri. Ungeanza na pamba..."

"Nimvamie mtu na pamba kabla sijamwamkia? Mwizi ndiye huingia hivyo. Na wewe, tangu ushuke kwenye lori, umesalimia redio tu."

Ilikuwa kweli. Uso ulinichoma. Nikapiga magoti, mimi mtu wa Tanga, kama nilivyoona mabinti wa kule wakifanya, nikamwamkia, nikamuulizia mkewe, wajukuu, mashamba, ng'ombe, kondoo.

"Jamani, mtoto wa Tanga kafika mpaka kwa kondoo!" Akacheka. "Haya. Salamu zangu zibebe wewe. Redio nitaipa pamba."

Niliporudi Bariadi ilikuwa alasiri. Bwana Kasmiri alikaa mbele ya redio, mikono kifuani. Nilitamani kuinama nikakague nyaya, ilimradi nisimtazame. Ghafla redio ikakoroma.

"Magunia ya mwisho yako tayari. Leteni lori."

Bwana Kasmiri akashtuka. "Mzee kakasirika? Mbona hakunisalimu?" Akanigeukia. "Ulibadilisha nini?"

"Sikubadilisha kifaa chochote."

Nikajua hapo nimejimaliza. Nikamweleza habari ya kidole na kitufe, kisha, kwa kuwa nilikuwa nimetumwa, nikamfikishia salamu zote, mpaka ya ndama.

"Anachechemea bado," alijibu polepole. Akatazama redio, akanitazama mimi. "Jumatano nenda Kiloleli. Redio yao nayo inakufa mchana."

Taipu imeniepuka! Kisha nikakumbuka salamu za kubeba.

"Katibu wa Kiloleli ana wake wangapi?" nikauliza.

Bwana Kasmiri akaanza kuhesabu kwa vidole.