Vifungo Vyekundu vya Bosi

Chuoni walimwita Bosi, na jina hilo lilimgharimu. Mwenzake akisema ana kiu, Bosi mkono mfukoni. Hela aliyotumiwa na mama yake ilikuwa haifiki katikati ya mwezi, na ukimuuliza imekwenda wapi, anaangalia dari.

Sasa mtihani wa hesabu ulikuwa umebakiza miezi miwili, na hana kikokotoo. Siku zote aliazima cha binti mwenzake wa chumbani, lakini siku hiyo wote wawili wangekuwa wanafanya mtihani uleule. Angekiazimaje?

Shangazi yake, fundi cherehani, akampa mfuko wa vifungo na kopo tupu. Kila ukitoa hela, akamwambia, tumbukiza kifungo: cheusi kwa cha lazima, chekundu kwa cha tamaa. Mwisho wa mwezi kopo litakusema lenyewe.

Bosi akafuata, wala hakuiba hata kifungo kimoja. Mwezi ulipokwisha akamwaga kopo kitandani: vyeusi tele, vyekundu haba. Moyo ukamjaa. Mtu aliyejirekebisha namna hii, si anastahili pongezi? Akawanunulia wenzake soda na keki, kisha akachukua bahasha aliyowekea akiba ya kikokotoo bila hata kuifungua, maana kopo limeshasema, akaenda dukani kwa madaha. Kumbe hela haikufika hata nusu ya bei.

Akarudi mdogomdogo, haelewi. Mlangoni akapishana na yule mwenzake wa chumbani, kapendeza, kavaa gauni alilojishonea, vifungo vyekundu vimeshuka kutoka shingoni hadi magotini.

"Dada, hivyo umevitoa wapi?"

"Si kwenye kopo lako? Kila siku nakuona unavitupa humo, nikajua huvitaki."

Bosi akakaa chini, akaanza kuvisoma kimoja kimoja: soda, hereni, keki, soda tena. Alipofika kiunoni wote wawili walikuwa hoi kwa kicheko.

"Usivitoe," Bosi akasema akijifuta machozi. "Ila gauni hilo ulivae tukitoka pamoja."

Basi ikawa hivyo. Bosi akipeleka tu mkono mfukoni, mwenzake anashika kifungo cha shingoni na kutazama pembeni. Mkono unarudi wenyewe.

Siku ya mtihani kila mmoja aliingia na kikokotoo chake. Shangazi alipodai vifungo vyake, Bosi alimrudishia vyeusi. Vyekundu, alisema, vimeshaajiriwa.